Mguu wa Kutokea

Ukifika Masuguru, hapa Korogwe, uliza kwa mwenye tofali, utaletwa kwangu. Sijasoma, niliishia darasa la tano, lakini nyumba nyingi mpya utakazoziona ukishuka huku zimesimama kwa tofali zangu, na zile ambazo wenyewe hawakununua kwangu zina nyufa. Maneno haya nayasema mbele ya wenye nyumba na hawabishi.

Mwaka huu binti yangu mkubwa ameanza mafunzo ya uafisa jeshini. Alimaliza chuo kikuu, akafanyiwa usaili, akapimwa afya, akachaguliwa. Siku anaondoka tulikuwa stendi ya Korogwe, begi lake jeusi liko chini, mama yake anamnyoosha ukosi wa shati ambao ulikuwa umeshanyooka. Nasaha zote alikuwa ameshapewa nyumbani: sali, vumilia, usimjibu mkubwa, kula hata usichokipenda. Ikabaki zamu yangu.

Nikamwambia, "Mwanangu, kushoto."

Akanitazama. "Kushoto wapi, baba?"

"Mguu. Ukiambiwa tembea, unaanza na wa kushoto."

"Baba, hilo tulifundishwa kambini, mwaka ule nilipomaliza kidato cha sita. Siku ya kwanza tu."

"Wewe ulifundishwa," nikamwambia. "Mimi niliutafuta wiki tatu."

Mama yake akageuka kutazama mabasi, maana habari yenyewe anaijua na alikuwa anazuia kucheka. Binti akanipigia goti, akanipa shikamoo ya kuagana, akapanda. Huko aliko simu wanapewa Jumapili, tena kwa muda mfupi, na habari hii haitoshi kwenye simu ya Jumapili. Ndiyo maana naiandika.

Nilikuwa na miaka thelathini, naishi Kwamsisi, kijijini kwetu Handeni. Nilikuwa na shamba la mahindi, michungwa ya kurithi na baiskeli moja ya chuma. Kwa baiskeli hakuna aliyeniweza. Nilikuwa nafunga matenga mawili ya machungwa nyuma, nanyonga alfajiri hadi jua kali mpaka Segera, pale njia ya Tanga, ya Arusha na ya Dar zinapokutana, nauzia abiria madirishani, narudi. Wenzangu walikuwa wanapanda gari na machungwa yao, wanafika yameiva kupita kiasi kwa kungoja gari. Mimi nilikuwa gari mwenyewe.

Pale Segera ndipo nilipokutana na msimamizi wa shamba moja la mkonge la upande wa Korogwe. Alikuwa ananunua machungwa kwangu kila akipita, amezoea kusema yangu hayana mbegu, jambo ambalo si kweli, lakini sikumkatalia. Siku moja akaniambia anatafuta mlinzi wa geti. Mlinzi anapewa chumba na jiko, karibu na mji, na shule ya msingi iko ng'ambo ya barabara.

Aliposema shule nikaacha kupanga machungwa. Binti yangu huyu huyu wa leo alikuwa amefikisha umri wa kuanza la kwanza, na shule yetu wakati ule ilikuwa mbali. Mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwangu alikuwa ameanza na ameacha, miguu imemshinda. Mimi mwenyewe darasa la tano niliachia njiani, kwa sababu hiyo hiyo ya njia. Nikamwambia yule bwana, "Mlinzi umeshampata."

"Una cheti cha mgambo?"

"Sina."

"Bila cheti wakubwa hawakubali. Nenda kafanye mafunzo, ulete cheti. Nafasi nitakushikilia mpaka mwisho wa mwezi ujao. Zaidi ya hapo sitaweza."

Kumbe kata yetu ilikuwa inaanza mafunzo ya mgambo Jumatatu ile. Nikaona Mungu amepanga. Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu afunge vyombo kidogo kidogo, maana mimi kufaulu mafunzo ya mgambo ni kama kunywa uji. Akaniuliza, "Umeshaanza?" Nikasema bado. Akasema, "Basi vyombo vikae kwanza, nitapikia nini?"

Tulikusanyika kwenye uwanja wa mpira, watu arobaini na kidogo, kila mmoja na bunduki yake ya mti aliyoichonga nyumbani. Yangu ilikuwa nzuri kuliko zote. Niliichonga kwa mninga, nikaipaka mafuta ya taa na masizi, hata mtu wa mbali angeinua mikono juu.

Afande aliyeletwa kutufundisha alikuwa mtu mfupi, mpole, kwao mbali huko bara. Nilivyomwona nikasema moyoni, huyu nitamweza. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anatoa amri kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, na usiposikia shauri yako, kwa hiyo tulisikiliza kuliko ambavyo tungesikiliza kelele. Asubuhi nzima tulijifunza kusimama. Mguu pande, mguu sawa. Kulia geuka, kushoto geuka. Nilishika mara moja. Wenzangu walikuwa wanageuka na kukutana uso kwa uso kama watu wanaotaka kusalimiana, lakini mimi nilikuwa kama bawaba ya mlango.

Halafu akasema, "Mbele, tembea."

Katika mstari wangu tulikuwa Wazigua wanane na Mnyamwezi mmoja. Wazigua wanane tukatoa mguu wa kulia. Mnyamwezi akatoa wa kushoto, peke yake, kwa hiyo yeye ndiye aliyeonekana amekosea. Akakanyagana na wa nyuma yake, bunduki za mti zikagongana, na mstari wa pili, ambao nao ulitoa kulia, ukatupanda mgongoni.

Afande akasimamisha mistari. Akamwendea yule Mnyamwezi, akamshika bega, akamtoa mbele. Tukajua sasa kazi anayo.

"Huyu ndiye aliyepatia," afande akasema. "Wengine wote mnakwenda wapi?"



Mnyamwezi akasema, "Afande, hao wanaingia msikitini."

Huyu Mnyamwezi alikuwa mtani wangu. Babu yake aliletwa zamani kukata mkonge, akafia huku, na mjukuu akaja kukodi shamba Kwamsisi, akabaki. Kanisani aendako waumini walikuwa sita. Mzigua na Mnyamwezi ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya mkweo na wewe unatakiwa kucheka. Mimi alikuwa ananiita mgosi, kwa lugha yetu maana yake mwanamume, lakini yeye alilitamka kana kwamba bado ana mashaka.

Lakini aliyosema yalikuwa kweli tupu. Kwetu mtoto anafundishwa mguu wa kulia kabla hajajua kuhesabu. Unaingia msikitini na kulia. Unaingia nyumba ya watu na kulia. Kiatu unaanza kulia, safari unaanza kulia, hata shamba jipya bibi yangu alikuwa anasema tutangulize kulia na bismillahi. Mguu wa kushoto una mlango wake mmoja unaojulikana wa kuingilia, nao ni choo. Sasa mtu mzima, siku ya kwanza, mbele ya watu, uanze jambo kubwa la serikali kwa mguu wa chooni? Mguu wenyewe unakataa, hata kabla hujaushauri.

Afande akatuamuru kuruka kichurachura hadi golini na kurudi, mikono masikioni. Mtani wangu akaambiwa apumzike. Akakaa juu ya jiwe akituhesabia.

Siku ya pili wengine wakaanza kushika, wengine bado. Siku ya tatu mzee mmoja wa mstari wa nyuma akasema wazi, "Afande, wewe unataka tuandamane wote kwenda chooni." Watu wakacheka sana. Afande naye akatabasamu, lakini alikuwa mtu wa kazi, tukaruka tena kichurachura.

Ambaye hakucheka ni maalim. Alikuwa mwalimu wa madrasa ya kijiji, mtu wa makamo, mrefu, aliyeingia mafunzoni kwa sababu kitongoji chake kilitakiwa kutoa watu na vijana walikuwa wamekimbilia mjini. Yeye alikuwa anatoa mguu wa kulia kila mara, hasemi neno, anaruka kichurachura na kanzu ameikunja kiunoni, anarudi mstarini. Na sisi tuliosomeshwa na yeye tukawa na wakati mgumu. Ukitoa kushoto unamwona maalim pembeni yako ametoa kulia, unajisikia umemtukana. Ukitoa kulia, kichurachura.

Ijumaa hatukuwa na mafunzo mchana. Tulisali, na baada ya sala maalim akatoka wa kwanza, akasimama nje ya mlango wa msikiti, akatuzuia.

"Tokeni mmoja mmoja," akasema. "Taratibu."

Tukatoka mmoja mmoja. Kila anayevuka kizingiti maalim anaangalia chini. Tulidhani kuna mtu ameibiwa ndala. Tulipokwisha wote akauliza, "Mmetoka na mguu gani?"

Tukatazamana. Tukatazama miguu.

"Kushoto," mmoja akasema.

"Nani kawaambia?"

"Wewe, maalim. Tangu tukiwa wadogo."

"Kuingia kulia, kutoka kushoto," maalim akasema. "Nimelifikiria jambo hili siku nne, na magoti yangu yananiuma. Mgambo haingii popote. Mgambo anatoka. Anatoka kwake kwenda kulinda kwa watu. Kwa hiyo kuanzia kesho, afande akisema tembea, sisi tunatoka."

Ndivyo ilivyokwisha. Jumamosi asubuhi afande aliposema mbele tembea, uwanja mzima ulitoa kushoto kwa pamoja, vumbi likaruka mara moja, na nilimwona afande amefungua mdomo kidogo. Hakujua kilichotokea. Akauliza, "Nani kawafundisha?" Maalim akajibu, "Umetufundisha wewe, afande." Hiyo ndiyo adabu.

Nimesema uwanja mzima. Nitoe mimi.

Sasa hapa lazima nieleze vizuri, nisije nikaeleweka vibaya. Kwa mbio nilikuwa wa kwanza. Mchakamchaka wa asubuhi nilikuwa namaliza na kurudi kuwachukua wa nyuma. Kwa kutambaa nilikuwa wa kwanza. Kulenga shabaha, kulinda zamu, kukunja blanketi, niulize mimi. Lakini mguu ulikuwa umekataa. Maneno ya maalim yaliniingia kichwani, nikayaelewa kuliko wote, ila hayakushuka chini. Afande akisema "mbele," mimi naanza kufikiria: tunatoka, tunatoka, kutoka ni kushoto. Akisema "tembea," kwa haraka ya kufikiria, kulia umeshakwenda. Nikiubadilisha katikati naruka kama mtu aliyekanyaga moto, mkono unakwenda na mguu wa upande ule ule, na mtani wangu aliyewekwa nyuma yangu ananong'ona, "Mgosi, karibu msikitini."

Wiki ya pili ikapita. Nyumbani nilikuwa nafanya mazoezi kati ya jiko na banda la kuku, natoa amri mwenyewe na kutembea mwenyewe. Mke wangu alikuwa anapembua mahindi. Alinitazama mchana wote, akasema, "Kuku wameshajua kupisha kushoto. Umebaki wewe."

"Unadhani ni rahisi?"

"Sijui. Mimi si mgambo." Akanyanyuka, akaweka ungo chini, akapiga hatua tatu kwa mguu wa kushoto kuelekea mtungini, akachota maji, akarudi. Akaendelea kupembua. Huyo ndiye mke wangu.

Mtani akaleta dawa yake. Akaniambia niweke kijiwe kwenye kiatu cha kulia, mguu ukiumia utaogopa kutangulia. Nikaweka. Afande akanisimamisha mbele ya wote akaniuliza kwa nini nachechemea. Nikasema nina kijiwe. Akasema nitoe. Nikatoa, kijiwe kikubwa kama punje ya mahindi, nikakishika mkononi mbele ya watu arobaini.

"Kiliingia saa ngapi?" afande akauliza.

"Asubuhi, nyumbani."

"Na ukatembea nacho mpaka hapa?"

Nyuma yangu mtani akasema polepole, "Ni mvumilivu sana, afande."

Jioni ile, ilikuwa Ijumaa ya wiki ya tatu, watu wakitawanyika, afande akaniita pembeni. Aliongea kwa ile sauti yake ya chai.

"Wewe una nguvu," akasema. "Nilikuwa nimekuandika uwe kiongozi wa seksheni. Nimekufuta. Jumatatu nakagua mtu mmoja mmoja. Anayekosea hapangwi kwenye gwaride la kufunga, na asiyepangwa hapati cheti. Atasubiri mafunzo mengine."

"Mafunzo mengine lini, afande?"

"Mimi sijui. Labda mwakani, labda kata nyingine."

Nilitembea kurudi nyumbani badala ya kupanda baiskeli. Nilikuwa naikokota tu. Nafasi ya geti ilikuwa imebakiza wiki moja na siku mbili. Nyumbani nilimkuta mke wangu ameanza kufunga vyombo. Sufuria mbili kubwa ziko kwenye gunia, limefungwa kwa kamba ya mkonge. Alisikia kwa watu kwamba mafunzo yanaisha, akaona ajiandae. Binti alikuwa amekaa juu ya gunia hilo, ananiuliza kama huko kuna shule yenye kengele. Nikasema ipo. Sikumwambia mke wangu kuhusu Jumatatu. Mimi si mtu wa kuficha mambo, lakini lile nililificha.

Jumamosi ilikuwa siku ya machungwa. Afande alitupa mapumziko, na matunda hayangoji mgambo. Nilifunga matenga yangu, na mtani akaja kunisindikiza mpaka mwisho wa kijiji kwa sababu alikuwa anakwenda shambani kwake. Tukakokota pamoja kwenye mchanga. Nilimweleza ya afande. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakunitania. Akasema tu, "Pole, mgosi." Hapo nikajua hali yangu ni mbaya kweli. Mtani akikuhurumia, ujue umekwisha.

Tulipofika penye ardhi ngumu nikamuaga, nikapanda. Nilikwenda kama hatua ishirini hivi. Nikasikia, "Mgosi, simama."

Nikasimama.

"Shuka. Panda tena."

"Machungwa haya ni mazito, acha mchezo."

"Panda tena, nimekwambia."

Nikashuka, nikapanda tena. Akanishusha. Nikapanda mara ya tatu. Alikuwa ameinama, ameshika magoti, anaangalia chini kama maalim mlangoni.

"Umekanyaga pedeli na mguu gani?"

Baiskeli yenye matenga nyuma hurushi mguu juu ya kiti, mzigo utakuangusha. Unashika usukani, unakanyaga pedeli kwa mguu mmoja, mwingine unasukuma ardhi mara mbili tatu mpaka chombo kishike mwendo, halafu unaupitisha mbele, juu ya lile bomba la kati ya kiti na usukani. Nilikuwa nimefanya hivyo tangu nina miaka kumi na miwili, asubuhi na jioni. Nikatazama chini. Mguu uliokuwa kwenye pedeli ulikuwa wa kushoto.

"Miaka yote hiyo," mtani akasema, "kila safari yako unaitoa kwa kushoto, na hakuna aliyekuuliza. Sasa Jumatatu usifikirie msikiti, usifikirie choo, usimfikirie afande. Akisema mbele, wewe shika usukani. Akisema tembea, panda."

Nasema ukweli, aliyeliona jambo lile ni mtani wangu. Lakini aliyepanda baiskeli miaka kumi na minane ni mimi. Yeye hata baiskeli hana. Siku ile nilinyonga mpaka Segera na nikawa nashuka bila sababu kila baada ya mwendo, ili nipande tena. Nilifika nimechelewa, machungwa yakauzika kwa shida, wala sikujali.

Jumatatu tulikaa chini ya jua, tunaitwa mmoja mmoja. Maalim alipita vizuri. Mtani alipita huku akinikonyeza. Nikaitwa mimi. Nikasimama mguu sawa, bunduki yangu ya mninga begani.

"Mbele," akasema afande.

Nikashika usukani. Mkono haukusogea, ni moyoni tu, lakini niliusikia ule ubaridi wa chuma cha asubuhi.

"Tembea."

Nikapanda.

Kushoto, kulia, kushoto, kulia, nikaenda hadi kwenye mstari wa goli, nikageuka nyuma, nikarudi, nikasimama. Afande akanijia mpaka akasimama karibu kabisa na uso wangu.

"Mguu ni sawa," akasema. "Lakini mbona unainamia kushoto?"

"Mzigo, afande."

"Mzigo gani?"

"Machungwa."

Alinitazama sana. Nadhani alifikiria jua limenipata. Nyuma watu, ambao mtani alikuwa ameshawasimulia, walikuwa wanauma midomo. Akaniambia nirudie, sasa bila machungwa. Nikarudia, nimenyooka kama mlingoti wa bendera. Akaandika kitu kwenye daftari lake, akasema, "Nenda kakae." Nikaenda kukaa.

Uongozi wa seksheni hakunirudishia. Alimpa maalim, kwa sababu ya sauti. Mtu aliyeadhini miaka ishirini bila kipaza sauti, akisema "gwaride" hata ng'ombe wa Wamasai ng'ambo ya mto wanasimama. Mimi niliwekwa mstari wa mbele, mwisho kabisa upande wa kulia, mtu ambaye wote wanapimia kwake mstari. Baadhi ya watu wanasema nafasi ile si kubwa kama uongozi. Wanaosema hivyo hawakuwepo. Siku ya gwaride la kufunga, mgeni rasmi alipopita kukagua alianzia kwangu, akasimama, akaitazama bunduki yangu, akauliza nani kaichonga.

Nilipewa cheti, karatasi ngumu yenye mhuri. Siku ya pili yake nilinyonga hadi Korogwe nacho kimefungwa kwenye nailoni ndani ya shati, nikamfikia yule msimamizi ofisini kwake zikiwa zimebaki siku tatu. Alikisoma mbele na nyuma, nyuma hakukuwa na kitu. Akasema, "Lete familia."

Mambo mengine mnayajua au mtaulizia. Miaka sita nililinda geti lile na halikuibiwa hata kamba. Pale getini ndipo nilipojifunza tofali, kwa kuangalia malori ya tofali yanayoingia na kuuliza maswali. Binti alivuka barabara kwenda shule, akasikia kengele yake, na hajaacha kwenda shule mpaka mwaka huu. Cheti nimekiweka kwenye fremu ofisini, juu ya meza, na mteja akikitazama namweleza.

Ila siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya kuhama. Vyombo vilitangulia kwa lori la mahindi pamoja na mke wangu. Mimi na binti tulibaki tuje na baiskeli. Nilifunga godoro nyuma, nikamkalisha yeye mbele juu ya bomba, kwenye kitambaa nilichokunja. Majirani walitoka kuaga. Maalim alituombea dua. Mtani alikuwa amesimama pembeni, jembe begani, hataki kusogea karibu, nikajua kwa nini, maana na mimi sikutaka asogee.

Nikashika usukani. Nikakanyaga pedeli, nikasukuma ardhi mara mbili, chombo kikashika mwendo.

"Mgosi," akaita kutoka nyuma. "Unaingia au unatoka?"

"Natoka," nikamjibu, bila kugeuka, kwa sababu ya godoro.